Kusoma vipimo vya damu vya mgonjwa wa moyo: mwongozo kwa anayemuuguza

Mgonjwa wa moyo anayehudhuria kliniki kwa mwaka mmoja, awe Kisumu, Nakuru, Kakamega au Eldoret, hurudi nyumbani na faili nene la karatasi za maabara ambazo aghalabu hakuna aliyepata nafasi ya kumfafanulia. Nimefanya kazi katika maabara mjini Kisumu kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa zaidi kwenye dirisha la kuchukulia majibu huulizwa kwa sauti ya chini, na anayeuliza si mgonjwa mwenyewe bali ni mwanawe au mkewe: "Daktari, hii damu inasema atapona?" Mimi si daktari, lakini kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na nimeshaacha kulibishia hilo. Jibu la kweli ni refu kuliko muda ninaoupata pale dirishani, ndiyo maana nimeliandika hapa.

Ieleweke kwanza kwamba hakuna kipimo cha damu kinachotaja siku ya mtu kufa. Vipimo huonyesha mgonjwa yumo katika kundi lipi, yaani kati ya watu mia moja wenye majibu yanayofanana na yake, ni wangapi ambao kwa kawaida huwa hai baada ya mwaka mmoja au mitatu. Yeye mwenyewe ataangukia upande gani, damu haijui. Jambo la pili, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika, ni kwamba sehemu kubwa ya habari hiyo imo tayari katika vipimo vya kawaida ambavyo mgonjwa ameshavilipia. Familia nyingi huchangisha pesa za kipimo kipya cha bei ghali ilhali kile cha zamani kimelala kwenye faili bila kusomwa.

Hatua ya kwanza: jua moyo unaumwa wapi

Ugonjwa wa moyo ni jina moja la maradhi mengi. Mtu ambaye mishipa inayolisha moyo wake imeziba, mtu ambaye valvu zake ziliharibiwa utotoni na homa ya rumatiki, na mtu ambaye presha ya miaka mingi imeuchosha moyo wake hadi ukapanuka, hawasomewi damu kwa namna moja. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 1,006 waliolazwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, kwa sababu moyo ulikuwa umeshindwa kusukuma damu vizuri, ulionyesha kwamba presha ndiyo iliyokuwa chanzo kwa takriban 45 kati ya kila wagonjwa 100. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, na karibu 18 kati ya kila 100 walifariki ndani ya siku 180. Nimeleta takwimu hizo makusudi, kwa kuwa majedwali mengi ya kukadiria maisha ya mgonjwa yalitengenezwa kwa kutumia wazee wa Ulaya na Marekani, ambao wengi wao wana mishipa iliyoziba.

Mwombe daktari akuandikie jina kamili la ugonjwa pamoja na ile asilimia ya nguvu ya moyo inayotokana na picha ya eko, ile ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi moyo ulioshindwa kusukuma damu, kwa sababu hapo ndipo vipimo vya damu vimechunguzwa kwa kina.

Hatua ya pili: hamisha majibu kwenye daftari

Nunua daftari la hesabu, lile la miraba, kisha chora safu za tarehe, uzito, presha, sodiamu, potasiamu, kreatinini, yurea, himoglobini na RDW (nitaieleza katika hatua ya tatu), na uache safu mbili tupu kwa vipimo vya ziada. Andika pia dawa iliyoongezwa au kupunguzwa siku hiyo, kwa kuwa bila hiyo namba nyingi hazitaeleweka. Jibu moja lililo peke yake halisemi mengi. Majibu manne yaliyofuatana kwa mwaka yanasimulia.

Angalia sana vipimio, yaani yuniti zinazoandikwa baada ya namba, kwa sababu maabara hazitumii vipimio vya aina moja. Mama mmoja kutoka upande wa Ahero aliwahi kunijia akitetemeka kwa kuwa kreatinini ya mumewe ilikuwa "imepanda kutoka 1.4 hadi 124". Figo za mzee huyo hazikuwa zimebadilika hata kidogo. Jibu la kwanza lilikuwa kwa miligramu katika desilita na la pili kwa mikromoli katika lita, na ukizidisha 1.4 kwa 88.4 unapata ile ile 124. Vivyo hivyo, himoglobini ya 11.2 kwa gramu katika desilita ni sawa na 112 kwa gramu katika lita. Chagua kipimio kimoja, uandike kila kitu kwa hicho, na ikiwezekana mgonjwa apimwe katika maabara ile ile kila mara.

Hatua ya tatu: anza na vipimo vya bei nafuu

Anza na sodiamu, ambayo kiwango chake cha kawaida ni 135 hadi 145. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umechoka, sodiamu iliyoshuka chini ya 135 na kubaki huko ni dalili nzito, kwani wagonjwa wa namna hiyo huwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa tena na ya kufariki. Hapa pana mtego ambao nimeona ukiwanasa watu wenye nia njema: wanasikia "chumvi ya mwili imeshuka", wanarudi nyumbani na kuongeza chumvi kwenye mboga. Mara nyingi chumvi haijapungua mwilini. Maji ndiyo yamezidi na kuizimua, kwa sababu mwili ukiona damu haifiki vizuri hutoa homoni za kuzuia maji yasitoke. Kumwongezea chumvi mtu huyo ni kumwongezea maji miguuni na mapafuni. Wakati mwingine dawa ya kukojoa ndiyo iliyoishusha, na kuzitofautisha hali hizo mbili ni kazi ya daktari.

Kreatinini na yurea huonyesha hali ya figo, na figo ni jirani anayeumia kila moyo unapodhoofika. Mgonjwa wa moyo ambaye figo zake pia zinashuka yumo katika kundi la hatari zaidi kuliko yule ambaye figo zake zimetulia. Hata hivyo si kila kupanda ni kubaya. Mgonjwa akianzishwa enalaprili, dawa ya presha na moyo, au dawa za kundi hilo, kreatinini inaweza kupanda kidogo katika wiki za mwanzo, na kupanda kusikozidi asilimia 30 kwa kawaida huvumiliwa, kwani dawa hizo hurefusha maisha. Kipimo kirudiwe baada ya wiki 1 hadi 2. Atakayemwachisha mgonjwa dawa kwa kuona namba hiyo peke yake atakuwa amemnyang'anya kinga.

Himoglobini huangaliwa na kila mtu, lakini pembeni yake, kwenye karatasi ile ile ya hesabu kamili ya seli za damu, kuna herufi RDW ambazo wengi huziruka. Ni kipimo cha jinsi seli nyekundu zinavyotofautiana kwa ukubwa, na kwa kawaida huwa kati ya 11.5 na 14.5 kwa mia. Mwaka 2007 watafiti waliopitia vipimo vya damu vya wagonjwa wa mradi wa CHARM, uliojaribu dawa ya moyo, walikuta kwamba namba hii isiyotazamwa na mtu ilikuwa miongoni mwa zile zilizobashiri kwa nguvu zaidi kifo na kulazwa hospitalini. Kadiri ilivyokuwa juu, ndivyo hatari ilivyoongezeka. Nilipokisoma kisa hicho nilijisikia vibaya, maana nimechapisha RDW maelfu kwa maelfu bila kuzitazama.

Isomwe kwa uangalifu katika maeneo yetu. Ukanda wa ziwa una malaria na selimundu, minyoo ya safura ipo, na upungufu wa madini ya chuma ni jambo la kila siku. Yote hayo yanaweza kubadilisha ukubwa wa seli nyekundu bila moyo kuhusika. Kwa hiyo RDW iliyopanda kwanza iulizwe: je, mgonjwa amepungukiwa na chuma? Swali hilo lina manufaa, kwa kuwa takriban nusu ya wagonjwa ambao moyo umeshindwa wana upungufu huo, na unatibika. Kwao kipimo cha feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, husomwa tofauti na kwa watu wengine: chini ya 100 huhesabiwa kuwa upungufu, na kati ya 100 na 299 huhesabiwa hivyo ikiwa ujazo wa transferini, protini inayobeba chuma katika damu, uko chini ya asilimia 20. Sababu ni kwamba feritini hupanda mwili unapokuwa na uvimbe wa ndani au maambukizi, hivyo namba inayoonekana nzuri inaweza kuficha ghala tupu. Vidonge vya chuma havikusaidia wagonjwa hawa katika utafiti wa IRONOUT uliochapishwa 2017, ilhali chuma cha kudungwa mshipani kimewapunguzia uchovu na kulazwa.

Namba nyingine za kutupia jicho ni asilimia ya limfositi (aina ya seli nyeupe), asidi ya yuriki, albumini na bilirubini. Albumini iliyo chini ya 35 kwa gramu katika lita na bilirubini inayopanda huweza kuonyesha kwamba ini limejaa damu iliyorudi nyuma. Njia ya kukadiria iitwayo Seattle, iliyochapishwa 2006, hutumia himoglobini, limfositi, asidi ya yuriki, kolesteroli na sodiamu pamoja na dalili na dawa za mgonjwa. Yaani mambo ambayo hospitali ya kaunti inaweza kuyapima. Katika hesabu hiyo kolesteroli ya chini ndiyo inayoashiria hatari, kinyume na tulivyozoea, kwa kuwa mwili uliodhoofika huisha mafuta. Mwenye mishipa iliyoziba asilichukue hilo kama ruhusa ya kuacha dawa yake ya kolesteroli.

Hatua ya nne: hakikisha damu yenyewe imechukuliwa vizuri

Hatua hii sitaipita haraka, kwa sababu ilimgusa mjomba wangu. Anaishi Siaya, moyo wake ulipanuka kwa presha, na alikuwa akitumia spironolaktoni, dawa inayorefusha maisha lakini inayoweza kupandisha potasiamu. Asubuhi moja alitolewa damu katika maabara ndogo sokoni, sampuli ikakaa hadi matatu ilipojaa, ikafika mjini alasiri. Jibu lilikuwa potasiamu 6.3. Kiwango cha kawaida ni 3.5 hadi 5.0, ikipita 5.5 kipimo cha dawa hupunguzwa, na ikipita 6.0 dawa husimamishwa, kwa kuwa potasiamu nyingi inaweza kuusimamisha moyo. Dawa ikasimamishwa kwa simu, na hakuna aliyeomba damu irudiwe. Baada ya wiki mbili mjomba alikuwa analala ameketi kwenye kiti, miguu imevimba hadi magotini.

Nilimtoa damu upya mwenyewe na kuizungusha kwenye mashine ndani ya nusu saa. Sehemu ya juu ya chupa ilitoka na rangi ya mafuta ya alizeti, kama inavyotakiwa, na potasiamu ilikuwa 4.6. Nilipofuatilia ile ya kwanza niliambiwa kwamba ilikuwa ya waridi, kama maji yaliyooshea nyama. Maana yake ni kwamba seli nyekundu zilikuwa zimepasuka na kumwaga potasiamu yake nje, na iliyopimwa haikuwa ya mjomba akiwa hai bali ya seli zilizokufa ndani ya chupa.

Kwa hiyo, damu inapotolewa, mpira wa kufungia mkono usikae muda mrefu na mgonjwa asikunje na kukunjua ngumi mara nyingi, kwani hilo pia hupandisha potasiamu. Uliza sampuli itapimwa wapi na itafika saa ngapi. Jibu la potasiamu likija juu, lichukuliwe kwa uzito siku hiyo hiyo: mgonjwa aende hospitali, apimwe mapigo ya moyo kwa mashine ya ECG na damu irudiwe mara moja. Kulipuuza kwa kudhani ni kosa la maabara ni hatari zaidi kuliko kosa lenyewe. Na daktari akiuliza chakula, taja pia munyu wa majivu, ule musherekha wa kupikia mboga za kienyeji, kwa sababu maji ya majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Taja vilevile chumvi mbadala za dukani, ambazo nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Wagonjwa wengi hawavitaji kwa sababu hawavihesabu kuwa dawa wala chumvi.

Anayetumia vidonge vya kurembesha nywele na kucha vyenye biotini aseme pia, kwani katika mashine fulani biotini huharibu majibu ya troponini, kipimo cha jeraha la moyo nitakachokieleza katika hatua ya sita.

Hatua ya tano: BNP na NT-proBNP

Hiki ndicho kipimo mahususi cha moyo uliolemewa. BNP ni homoni iliyopatikana kwanza katika ubongo wa nguruwe na watafiti wa Japani mwaka 1988, ikapewa jina la ubongo, kisha ikabainika kwamba kiwanda chake kikubwa ni vyumba vya moyo. Kuta za moyo zikivutwa kwa kujaa damu, huimwaga ili figo zitoe maji na chumvi. NT-proBNP ni kipande kinachokatwa wakati BNP inapotengenezwa. Hudumu muda mrefu zaidi katika damu na huvumilia safari vizuri zaidi, jambo la maana kwa sampuli inayotoka mbali.

Kwa mgonjwa anayefika akihema, NT-proBNP iliyo chini ya 300 hufanya uwezekano wa moyo kushindwa kuwa mdogo sana. Namba inayoelekea kuthibitisha hutegemea umri: zaidi ya 450 kwa aliye chini ya miaka 50, zaidi ya 900 kwa wa miaka 50 hadi 75, na zaidi ya 1,800 kwa aliyepita 75. Kwa anayepimwa kliniki bila dharura, kikomo ni 125.

Katika kukadiria maisha, namba ya siku ya kulazwa ina uzito mdogo kuliko ile ya siku ya kuruhusiwa kutoka. Mgonjwa ambaye NT-proBNP yake imeshuka kwa asilimia 30 au zaidi akiwa wodini huwa na matumaini bora kuliko yule ambaye haikushuka, hata kama wote wawili wanapumua vizuri wanapotoka. Ikiwa pesa zinatosha vipimo viwili tu kwa mwaka, mimi ningevitumia hapo: kimoja akilazwa, kingine akitoka. Kukirudia kila mwezi hakuna faida iliyothibitika. Utafiti wa GUIDE-IT wa mwaka 2017 ulilinganisha kupanga dawa kwa kufuata namba hii na matibabu mazuri ya kawaida, na matokeo hayakutofautiana.

Namba hii hudanganya kwa njia kadhaa. Watu wanene huwa nayo chini kuliko hali yao halisi. Uzee, figo dhaifu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huipandisha. Anayetumia dawa ya moyo yenye sakubitrili apimwe NT-proBNP na si BNP, kwa sababu dawa hiyo huzuia BNP isivunjwe na hivyo kuipandisha. Na mabadiliko madogo, tuseme kutoka 1,100 hadi 1,250, yanaweza kuwa mawimbi ya kawaida ya mwili.

Hatua ya sita: troponini na vingine

Troponini hutoka kwenye misuli ya moyo inayojeruhiwa. Kwa maumivu ya kifua hupimwa mara mbili kwa tofauti ya saa chache, kwa kuwa kupanda au kushuka kwake ndiko kunakotofautisha shambulio la sasa na jeraha la siku nyingi. Kwa mgonjwa wa kudumu, hasa mwenye figo mbovu, inaweza kuwa juu kidogo wakati wote bila shambulio. Hata hivyo kuwa juu huko kunaongeza hatari. CRP nayo huonyesha uvimbe wa ndani, ila usiipime mtu akiwa na malaria au nimonia ukidhani unaupima moyo. Kuna protini nyingine za damu, ST2 na galektini-3, ambazo zimeonyesha uwezo wa kubashiri, lakini kwa mgonjwa wa kwetu pesa hizo zingefaa zaidi kununua dawa.

Hatua ya saba: peleka daftari kwa daktari

Usijaribu kujumlisha namba hizi mwenyewe. Madaktari wana zana kama MAGGIC, iliyochapishwa 2013 kutokana na wagonjwa 39,372, ambayo huunganisha kreatinini na umri, presha, uzito, kisukari, uvutaji sigara na dawa anazotumia mgonjwa, ikatoa makadirio ya mwaka 1 na miaka 3. Mwombe daktari aitumie ikiwa familia inahitaji kupanga mambo, mkijua kwamba wengi wa waliotumika kuitengeneza hawakuwa Waafrika. Kabla ya kutolewa damu, ulizeni kwenye dawati la SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ni vipimo gani vinavyolipiwa, kwa kuwa ukishatolewa umeshadaiwa.

Mkiwa ndani kwa daktari, maswali yenye faida ni haya: ni namba gani iliyobadilika tangu mara ya mwisho, je, mabadiliko hayo yanatokana na ugonjwa au dawa, na ni ipi kati ya hizo inayoweza kurekebishwa. Sodiamu ya chini, upungufu wa chuma na figo zinazoshuka vina mambo ya kufanyiwa. Umri hauna.

Majibu yasimzuie mtu kukimbilia hospitali. Uzito ukiongezeka kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, mgonjwa akishindwa kulala chali, akizimia, akichanganyikiwa au akibanwa na kifua, aende siku hiyo, hata kama karatasi ya wiki iliyopita ilikuwa safi.

Daftari la mjomba sasa lina kurasa kumi na moja. Spironolaktoni ilirudishwa kwa nusu kidonge, potasiamu imekuwa kati ya 4.4 na 4.9 tangu hapo, na RDW, ambayo ilikuwa 17.1, ilishuka hadi 15.2 baada ya kudungwa chuma. Kwenye safu moja tupu niliyomwachia, ameandika kwa mkono wake idadi ya mito anayolalia: mitatu, mitatu, miwili, mmoja.